Mbachao na Msala Upitao: Masuala ya Dunia katika Tasnifu Zetu

Umezuka katika idara zetu za Kiswahili mtindo wa tasnifu zinazodai kuchunguza masuala ya dunia kupitia fasihi: utandawazi, uhamaji, madeni ya mataifa, mabadiliko ya tabianchi. Mada hizi si za kubezwa, na riwaya kama Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001) na Bina-Adamu! ya K.W. Wamitila (2002) zatudai tuzijadili. Ninalolipinga ni namna tunavyowaachia wanafunzi wetu wazijadili bila kuuliza. Aidha, ninashikilia kwamba lawama ya kwanza ni yetu sisi wasimamizi.

Niliwahi kuhudhuria utetezi wa tasnifu ya uzamili kuhusu taswira ya ukame katika riwaya. Sura ya kwanza ilitangaza kwamba mabadiliko ya tabianchi yanakausha maziwa ya Afrika, na Ziwa Chad likatolewa kuwa thibitisho. Mtahiniwa mwenyewe alizaliwa kando ya Ziwa Baringo. Sasa, Baringo halikukauka. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 maji yake yalipanda, sawa na ya Bogoria, Nakuru na Naivasha, yakameza mashamba, nyumba na shule. Mnamo Mei 2020 Ziwa Viktoria nalo lilikipita kile kiwango cha juu cha mwaka 1964. Nilipomwuliza kwa nini hakuyataja hayo, alijibu kwa unyenyekevu: "Mwalimu, sikupata kitabu kinachoyasema." Ilhali jamaa zake walikuwa wamehamishwa na maji hayo hayo.

Jibu hilo lapasa kututia aibu. Mwanafunzi alikuwa na ushahidi nyumbani kwao, akauacha akaokota hukumu ya mbali. Aliacha mbachao kwa msala upitao. Isitoshe, hata hiyo Chad hakuichunguza. Kusinyaa kwake kukubwa kulitokea baina ya miaka ya 1960 na 1980, na ziwa halikuendelea kupungua kwa kasi ile baadaye. Lakini picha inayorudiwa ni ile ile kongwe.

Nisieleweke vibaya. Kupanda kwa Baringo hakukanushi mabadiliko ya tabianchi. Ripoti ya serikali ya mwaka 2021 ilikuhusisha na ongezeko la mvua. Wapo pia wanaotaja udongo unaomomonyoka milimani na kujaza maziwa, na wengine hutaja mienendo ya miamba ya Bonde la Ufa. Kuyaweka maelezo haya pamoja na kupima kila moja lina ushahidi gani, huko ndiko kufikiri kihakiki. Mtahiniwa aliyefanya hivyo angerudi kwenye riwaya yake na swali ambalo hakuwa nalo: taswira ya ukame yatufunulia nini, na yatuficha nini?

Yamkini patatokea wa kusema kwamba sisi ni wahakiki wa fasihi, si wanajiografia. Hoja hii haisimami. Anayetamka jambo kuhusu dunia amejitwika wajibu wa kulithibitisha. Asiyetaka wajibu huo na asilitamke. Na tukiingia katika uwanja wetu wenyewe, hali si nzuri zaidi. Tasnifu hiyo hiyo ilitaja, kama "methali ya Kiafrika", ile kauli inayofananisha kufa kwa mzee na kuteketea kwa maktaba. Kauli hiyo huhusishwa na hotuba ya Amadou Hampâté Bâ, msomi wa Mali, katika UNESCO mwaka 1960. Ina mwenyewe, ina mahali, ina mwaka. Kuifanya methali isiyo na mwenyewe ni kumnyang'anya msomi wa Kiafrika neno lake kwa jina la kuitukuza Afrika.

Kwa nini haya yapite? Kwa sababu sisi huyapitisha. Twawapa wanafunzi mada zilizokwisha kujibiwa, nao hutumia riwaya kuthibitisha hali ya dunia, kisha hali ya dunia kuthibitisha riwaya. Huo ni mzunguko wa ng'ombe wa kinu, haufiki popote. Tukiambiwa maktaba zetu ni maskini, tukubali, kwani ni kweli. Lakini kuuliza "nani kasema, lini, na kwa ushahidi gani?" hakuhitaji bajeti.

Napendekeza basi kwamba pasiwe na pendekezo la utafiti litakalokubaliwa mpaka mtahiniwa atenganishe madai yake kuhusu matini na madai yake kuhusu dunia, aonyeshe chimbuko la kila dai la aina ya pili, na ataje walau maelezo mamoja yanayopingana na lake. Na pale ambapo yeye au jamii yake ni shahidi, ushahidi huo uandikwe na upimwe kama mwingine wowote. Mtahiniwa wangu wa Baringo alifaulu siku ile. Nami nilikuwa miongoni mwa waliotia sahihi.