Chema Kilichofichika Hakijiuzi



Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Neno hili ni la kweli pale mnunuzi anapokiona kitu kwa macho na kukishika kwa mkono. Walakini twaona baadhi yetu wanalifanya kuwa sababu ya kukaa kimya, na hilo si jema kwa chama chetu.

Mwenye kufika Kariakoo, Dar es Salaam, ataelewa tusemalo. Fremu inayotazama Mtaa wa Msimbazi au wa Kongo haipangishwi kwa kodi ya chumba cha uchochoroni, hata kama bidhaa ni zile zile. Mpangaji hulipia watu wapitao mbele ya mlango wake.

Siku hizi wanunuzi wengi huanza safari yao ya sokoni kwa simu. Mwenye hoteli wa Dar es Salaam, au mwenye mkahawa wa Muscat, huandika maneno machache tu, "viungo vya Zanzibar", na mtambo wa kutafutia kama Google humpangia majina kwa safu. Wengi huishia majina ya juu. Basi mchuuzi wa Kariakoo mwenye tovuti iliyo juu huonekana kabla ya mkulima aliyeupanda mdalasini ule, na faida humfuata aonekanaye.

Safu hiyo hupangwaje? Mtambo huzisoma kurasa, huziweka katika daftari lake, kisha hutazama ni ukurasa upi ulijibuo vyema swali la mtu. Mwaka 1998 waanzilishi wa Google, Larry Page na Sergey Brin, walieleza njia ya kuupima ukurasa kwa kurasa nyingine zinazouelekea, na kila moja ina uzito wake, kama vile ushahidi wa mzee mwaminifu unavyoushinda wa mpita njia. Leo hutazamwa mambo mengi zaidi, lakini maneno ya wazi na mashahidi wa kuaminika bado vina nguvu. Matangazo ya kulipia yapo, nayo hutiwa alama. Ama katika safu ya kawaida, Google husema haipokei fedha kumpandisha mtu. Kwa hiyo akija mtu kutuahidi nafasi ya kwanza kwa malipo, tusimfungulie mfuko.

Karafuu zetu twaziuza kwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, na hatusemi vingine. Lakini hiliki, mdalasini na pilipili manga ni vyetu kuvitafutia soko, na sifa ya karafuu zetu ni juu yetu pia kuieneza, maana Indonesia na Madagascar nao wanauza.

Maoni yetu ni haya. Tovuti ya chama isijae picha za mikutano. Ieleze kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu tunalima nini, wapi, msimu upi, twaanika vipi, na mnunuzi atupateje. Tuwaombe wenye hoteli na maduka wanunuao kwetu watutaje katika kurasa zao. Na kila msimu habari zisahihishwe, kwani shamba lisilopaliliwa humezwa na magugu.

Twaomba jambo hili liwekwe katika ajenda ya mkutano mkuu ujao, na kila tawi lije na majibu yake.