Shujaa wa Antigone ni Nani?

Wako wasemao kwamba shujaa wa Antigone, mchezo wa Sophocles, ni mfalme Creon, kwa kuwa yeye ndiye abakiaye jukwaani hata mwisho akimlilia mwanawe Haemon na mkewe Eurydice, naye alingana na kipimo cha Aristotle: mtu aangushwaye na kosa lake. Hoja hiyo ni dhaifu. Aristotle alizaliwa mwaka 384 K.K., Sophocles akiwa kaburini zaidi ya miaka 20. Mshairi hakuandikia kipimo hicho. Tena, kuadhibiwa si ushujaa. Creon aliitangua amri yake baada ya kutishwa na utabiri wa Tiresias. Antigone alimfukia nduguye Polynices kwa mavumbi akijua malipo ni mauti, wala hakukana. Majuto yaliyochelewa humpatia mtu huruma, hayampatii ushujaa.