Kitufe Hakihamishwi Usiku

Jamani, nani aliwatuma? Unalala simu iko sawa, unaamka apdeti imeingia: kitufe kilichokuwa juu kiko chini, kingine kimefichwa ndani ya nukta tatu. Na bando lililoliwa ni lako!

Eti "mtazoea". Sisi vijana tutazoea, sawa. Lakini hapa Mkwiro kuna wazee wa mashua wanaotumia simu kwa kukumbuka mahali, si kwa kusoma kilichoandikwa. Mgeni anasubiri kwenda Kisite, ada ya hifadhi inalipwa eCitizen, na mzee anahangaika kumtafuta mjukuu kwa sababu "pale pembeni" hapako tena.

Sikatai, simu zimekuwa kubwa na kidole gumba kinafika chini kwa urahisi. Sababu ipo. Ila fundi hahamishi usukani wa mashua bila kumwambia nahodha, hata kama mahali papya ni pazuri zaidi.

Na wakiambiwa wanasikia. Mwaka 2021 Apple walishusha sehemu ya anwani ya Safari hadi chini. Watu wakapiga kelele wakati wa majaribio, na iOS 15 ilipotoka Septemba, mtu akaachiwa achague mwenyewe: juu au chini.

Basi ndilo tunalotaka. Tuulizeni kwanza, na mpangilio wa zamani ubaki kwa anayeutaka. Nanyi wadau, msinung'unike barazani tu. Waandikieni, tena kwa Kiswahili hikihiki.