Kusikiliza Santuri kwa Masikio ya Matanga

Nina ugomvi na watu wanaoipenda santuri moja. Siwalaumu kwa kuipenda, maana hata mimi naipenda. Nawalaumu kwa namna wanavyoisikiliza. Na kwa kuwa namna hiyo imeenea, na vijana wanarithishwa kana kwamba ndiyo ya pekee, naona si vizuri kunyamaza.

Santuri yenyewe yaitwa Unknown Pleasures. Waliitoa vijana wanne wa Manchester na miji ya jirani, kaskazini ya Uingereza, waliojiita Joy Division. Waliirekodi Aprili 1979 katika studio ya Strawberry mjini Stockport, ikatoka Juni mwaka uleule chini ya kampuni ndogo ya Factory, nakala 10,000 kwa kuanzia. Ndiyo iliyokuwa santuri yao kubwa ya kwanza. Walitoka katika panki, muziki ule wa haraka na hasira, lakini wao waliupunguza mwendo, wakautia giza na nafasi. Mwimbaji wao, Ian Curtis, alikuwa na umri wa miaka 22. Tarehe 18 Mei 1980 alijitoa uhai. Ni baada ya kifo hicho ndipo santuri ilipoingia katika orodha ya mauzo ya Uingereza, na tangu hapo ni wachache mno wanaoisikiliza. Waliobaki wanahudhuria matanga.

Niliikuta mwaka 1981, nilipokuwa kaskazini ya Uingereza kwa masomo ya ualimu ya miezi tisa. Jirani yangu wa bweni alinikaribisha chumbani kwake, akaitoa santuri katika jalada kwa adabu ya mtu anayefunua msahafu, na kabla hajateremsha sindano akaniambia, “Huyu alijiua.” Nikamwuliza, “Na mpiga ngoma?” Akanitazama kama niliyetukana. Mpiga ngoma alikuwa hajambo, na hajambo hadi leo, lakini hakuna aliyekuwa na haja na habari zake.

Sisi waalimu tunaijua hatari ya jambo hili. Katika mitihani yetu mtahiniwa huandika namba, haandiki jina. Msahihishaji akiisha kujua kwamba karatasi hii ni ya mtoto wa fulani, au ya yule aliyewahi kufukuzwa kwa wizi, kalamu yake nyekundu haiendi tena sawa. Ataona akili pasipo na akili, na ataona wizi katika hesabu iliyokokotolewa kwa halali. Msikilizaji anayeanza na kifo ni msahihishaji aliyefunua jina. Kwake kila neno la Curtis ni kuaga, kila kimya ni kaburi. Hata wimbo wa kwanza, Disorder, unaokwenda mbio na ambao ungeweza kuwainua watu vitini wakacheza, husikilizwa kwa uso wa mazishi.

Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari Januari 1979, miezi mitatu tu kabla ya santuri hii kurekodiwa. Wimbo wake Shida tungali tunaupiga, na shida zimo humo tele. Sijasikia mtu akilitafuta lile gari ndani yake.

Na yapo mengi ya kusikiliza kwa atakaye. Mtayarishaji, Martin Hannett, alimtaka mpiga ngoma, Stephen Morris, apige ngoma zake mojamoja, ili sauti ya hii isimwagikie ile. Ndiyo sababu kila pigo linasikika kama limesimama peke yake katika ukumbi mtupu. Ameingiza humo mlio wa lifti na mlio wa vioo vinavyovunjika. Peter Hook alizoea kulipigia gitaa lake la besi juu, kwa kuwa gitaa la Bernard Sumner lilikuwa likimzidi kelele hata hajisikii. Hivyo besi, ambayo kazi yake ya kawaida ni kubeba mzigo nyuma, hapa imekuja mbele na inaimba. Haya ni maarifa ya kazi, tena mengine yamezaliwa na shida ya vyombo. Giza la santuri ile limejengwa, kama fundi anavyojenga chumba akaweka dirisha dogo kwa makusudi. Anayesema limetiririka tu kutoka katika moyo wa mgonjwa mmoja amewanyima ujira mafundi wengine wanne.

Hata jalada hawakuliacha. Ile mistari myeupe juu ya weusi, wengine husema ni milima, wengine huapa kuwa ni mapigo ya moyo unaokaribia kusimama. Ni mawimbi ya redio ya nyota. Nyota yenyewe ni pulsa ya kwanza kujulikana, iliyogunduliwa mwaka 1967 na Jocelyn Bell, aliyekuwa mwanafunzi wa utafiti Cambridge. Mpigo wake hurudi kila baada ya sekunde moja na theluthi. Mchoro ulitoka katika kitabu cha elimu ya nyota, na msanifu Peter Saville akaugeuza rangi. Kwa hiyo pale watu wanapoona moyo unaokufa, kilichochorwa ni kitu kisichochoka! Siku hizi mchoro huo umo katika fulana za vijana ambao hawajaisikia santuri kabisa, na mwaka 2012 kampuni ya Disney iliuza fulana yenye sura ya Mickey Mouse iliyochorwa kwa mistari hiyo, kisha ikaiondoa sokoni. Wapenzi wa santuri walikasirika. Mimi sikukasirika. Anayevaa fulana kwa kuwa imempendeza hajamdanganya mtu.

Kinachonikera zaidi ni wimbo uitwao She's Lost Control. Unamhusu mtu anayeanguka kifafa, na kwa kuwa Curtis mwenyewe alikuwa na kifafa, wasikilizaji wengi wamekata shauri kwamba anajiimba. Lakini Curtis alikuwa mtumishi katika ofisi ya ajira mjini Macclesfield, akiwasaidia watu wenye ulemavu kupata kazi. Alikuja kwake msichana mmoja mwenye kifafa, akitafuta kazi. Baadaye Curtis akapata habari kwamba amefariki kwa ugonjwa huo. Wimbo ulitokana na yeye. Basi tazama jinsi tulivyo: karani anamwimba msichana maskini ambaye hakuna mwingine aliyemwimba, nasi tunamsukuma msichana nje ya wimbo wake ili tupate nafasi ya kumlilia karani.

Najua jibu nitakalopewa, wala si jibu dogo. Wenzake wenyewe wamesema miaka ya baadaye kwamba hawakuyatilia maanani maneno aliyokuwa akiimba. Kwa hiyo nitaambiwa, “Mwalimu, unatukataza kusikiliza dalili. Wangeyasikiliza maneno yale, wangemwokoa.” Sikatazi dalili. Nasema dalili hazikuhitaji kutafutwa katika mashairi. Desemba 1978, wakirudi kutoka London, Curtis alishikwa na kifafa ndani ya gari. Mwezi uliofuata madaktari waliuthibitisha ugonjwa wakampa dawa, na dawa za kifafa za siku zile zilikuwa nzito kwa akili na kwa moyo. Alianguka jukwaani mbele ya watu waliolipa kiingilio, na wako waliodhani ni sehemu ya mchezo wake. Aprili 1980 alijaribu kujitoa uhai, akaokolewa, na siku chache hazikupita akapelekwa tena ukumbini. Yote hayo yalionekana kwa macho. Ni nani aliyehitaji mfasiri wa mashairi?

Nasema kwa ukali kwa sababu nimeyaona haya karibu. Katika chuo kimoja nilichofundisha kabla sijawa mkuu, mwanachuo wa mwaka wa pili alijitoa uhai. Juma lilelile daftari lake la insha lilizungushwa katika chumba cha wakufunzi, kila mmoja akionyesha mstari. Hapa ametaja usiku. Hapa ametaja mto. Watu wazima, wenye stashahada, waliokuwa wameisahihisha insha ileile wakampa alama 14 kwa 20 na kuandika “boresha hati,” sasa waliisoma kama unabii. Niliuliza kikaoni kama kuna ajuaye kwamba kijana hakuwa ameonekana bwaloni siku sita. Mpishi alijua. Alikuwa akilitazama sufuria linabaki na fungu moja. Lakini mpishi hakuwa amealikwa kikaoni, na mazungumzo yakarudi kwenye mto.

Ndipo ninapoona hasara ya usikilizaji huu, nayo haiishii kwa marehemu. Kijana mwenye huzuni akisikia kila mpenzi wa santuri akisema kwamba nyimbo hizi ni za kweli kwa kuwa mwimbaji alizithibitisha kwa kifo chake, amefundishwa somo gani? Amefundishwa kwamba huzuni ya anayeendelea kuishi ni ya kuigiza. Somo hilo nimelisikia likitolewa na watu wapole kabisa, wenye nia njema, wakiwa na kikombe cha chai mkononi, na kila mara nimelikatiza. Curtis hakuithibitisha santuri Mei 1980. Ilikuwa imekwisha kuthibitika Aprili 1979, chumbani mle Stockport, kwa jasho. Lau angeishi akazeeka, akanenepa, akawa anawasumbua wajukuu zake kwa hadithi za Macclesfield, lisingepungua pigo moja.

Msikilizaji ninayemheshimu kuliko wengi ni Mary Harron. Mwaka 1979, mwimbaji akiwa hai, aliandika katika Melody Maker kwamba nusu ya santuri aliiona nzito na ya kuchosha, na uimbaji umetiwa chumvi. Sikubaliani naye hata kidogo. Lakini aliteremsha sindano, akasikiliza, akasema alichosikia. Vivyo hivyo Hook na Sumner, wenye santuri yao, waliporudishiwa kazi na Hannett walinung'unika. Jukwaani walikuwa wakipiga kwa nguvu za kubomoa ukuta, na hapa naona wametiwa ndani ya friji. Walitaka kelele zaidi. Nimeirudia santuri mara nyingi nikiwa na malalamiko yao akilini, hasa katika Interzone, ambapo magitaa yanavuta kamba kama mbuzi aliyefungwa, na nadhani katika wimbo ule mmoja Hannett angewafungulia.