Fungua injini kwanza, mbwembwe baadaye

Ukinunua pikipiki ya tu-stroki iliyotumika, shilingi yako ya kwanza isiende kwa ekzosi. Isiende kwa stika, wala kwa taa za kung'aa, wala kwa yule fundi anayekuahidi kwamba atakwangua milango ya silinda "ipumue" ndio uwaache wenzako kwenye vumbi. Iende ndani ya injini: kwa pistoni, ringi, beringi na sili. Najua hivyo si vitu vya kupiga picha na kuposti. Lakini ndivyo vitakavyokurudisha nyumbani Jumapili jioni.

Nasema haya kwa sababu mchezo wa kuendesha pikipiki porini unavutia vijana wengi wa mjini, na pikipiki mpya za kazi hiyo bei yake ni noma. Kwa hivyo msee anatafuta iliyotumika. Anaweza kupata Yamaha DT ya zamani, zile zilizozoeleka kwa maafisa wa nyanjani, au ya mashindano kama Yamaha YZ au KTM iliyopitia mikono kadhaa. Anaiosha, anaifunga ekzosi ya kelele, halafu Jumamosi anashuka nayo Magadi. Swali langu ni moja: umejuaje kilichomo ndani?

Tu-stroki si bodaboda. Mafundi wengi wa mitaani wamelelewa na injini za fo-stroki, ambazo oili yake inakaa chini na kuzunguka humo humo. Tu-stroki haina vali za juu. Inapumua kupitia tumboni, pale kranki inapozunguka, na oili inaingia pamoja na petroli kisha inaungua. Kwa zile unazochanganyia oili kwenye tangi, petroli ikipungua, oili nayo inapungua. Yaani joto linapanda wakati ule ule kilainisho kinaisha. Hapo ndipo pistoni inavimba na kung'ang'ania silinda. Fundi atakwambia "imeshika." Ikishika ukiwa kasi ya kilomita 70, gurudumu la nyuma linaweza kufunga ghafla, na sasa hatuzungumzii tena pesa.

Muuzaji naye ana maneno yake. "Ilifunguliwa majuzi." "Hii haijawahi kuguswa." Sentensi zote mbili zinakwambia kitu kimoja: hakuna anayejua. Mwambie unataka kuiona ikiwa baridi. Ukifika ukute injini tayari ina joto, uliza kwa nini. Linganisha namba ya fremu na ya injini na zile za logbuku, na jina la logbuku na la kitambulisho cha anayekuuzia. Halafu, hata ukiipenda namna gani, usimalize mfuko. Kama una laki mbili, usitafute pikipiki ya laki mbili. Tafuta ya pungufu, ubaki na akiba ya kuifungua.

Ukishaileta nyumbani, anza na sili za kranki, maana ndizo zinazosahaulika. Ziko mbili. Ya upande wa magneto ikichoka, injini inanyonya hewa ya bure ambayo kabureta haikuipimia petroli, na mchanganyiko unakuwa mkavu. Ya upande wa klachi ikichoka, injini inakunywa oili ya gia: moshi mweupe mzito, plagi inalowa kila mara, na oili ya gia inapungua ilhali huoni tone chini. Sili zenyewe ni raba tu. Kuna njia rahisi ya kuzipima. Fundi anaziba mlango wa kabureta na wa ekzosi, anapampu hewa hadi psi 6, kisha anaangalia geji. Ikishuka zaidi ya psi 1 kwa dakika, kuna mahali panavuja. Fundi asiyejua kipimo hiki si fundi wa tu-stroki, hata akiwa rafiki yako.

Kisha shika rodi ya pistoni uivute juu na chini. Ikicheza juu-chini hata kidogo, beringi yake ya chini imekwisha. Kucheza kidogo upande kwa upande ni kawaida. Toa pistoni uikague. Mikwaruzo ya wima inaeleza historia ambayo muuzaji hakukueleza. Pima mwanya wa ringi ndani ya silinda, ulinganishe na kitabu cha matengenezo cha modeli yako, si cha modeli ya jirani.

Silinda nayo inataka akili. DT za zamani zina silinda ya chuma cha kutupwa, na hiyo unaweza kuipeleka kwa mwenye leza pale Kariobangi Light Industries ikachongwa, ukaweka pistoni kubwa kidogo. Nyingi za mashindano za miaka ya karibuni zina silinda ya alumini iliyopakwa ganda jembamba gumu sana. Hiyo haichongwi hivi hivi. Ganda likitoka, inahitaji kupakwa upya au kubadilishwa. Ukikosa kujua tofauti hii, mtu mwenye nia njema kabisa atakuharibia silinda kwa nusu saa, na utamlipa.

Halafu kuna suala la kuchanganya oili. Wengi huona kuwa kumimina zaidi ni usalama zaidi. Si hivyo. Oili inapita kwenye tundu lile lile la petroli, kwa hivyo ukiizidisha bila kubadilisha jeti, petroli inayofika inapungua na mchanganyiko unakauka, mbali na plagi kuchafuka. Fuata kipimo cha aliyeitengeneza. Kama ni 1 kwa 32, lita 5 za petroli zinataka oili mililita 156 hivi. Kama ni 1 kwa 40, ni mililita 125. Tumia oili ya tu-stroki na kikombe cha kupimia. Kifuniko cha chupa ya soda si kipimo.

Ni baada ya hayo yote ndipo tunaweza kuzungumza kuhusu kutuni, na hapa Kenya neno hilo lina maana ambayo video za Marekani hazitakufundisha. Angalia ramani yetu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Kilele cha vilima vya Ngong kinapita mita 2,400. Magadi iko karibu mita 600, na Mombasa iko baharini kabisa. Shinikizo la hewa Nairobi liko chini ya lile la Mombasa kwa karibu asilimia 18. Injini iliyowekewa jeti za Pwani ikiletwa Nairobi itakuwa inashiba petroli: itakohoa, itatoa moshi, itachafua plagi. Hiyo ni kero tu. Kinyume chake ndicho hatari. Ukiiweka sawa Nairobi kisha ukashuka Magadi, hewa inakuwa nzito zaidi na petroli inabaki ile ile. Joto la kule hupunguza tofauti hiyo kidogo, lakini haliimalizi. Injini inakuwa kavu hasa pale unapoifungulia gesi kwenye tambarare.

Kwa hivyo jifunze kabureta yako. Jeti ndogo inatawala unapoanza kufungua gesi, sindano inatawala katikati, jeti kubwa inatawala ukifungua yote. Ukishusha klipu ya sindano ngazi moja, sindano inapanda na petroli inaongezeka. Beba jeti moja au mbili kubwa zaidi kwenye begi, zinatoshea kwenye kisanduku cha kiberiti. Ukifika chini, toa plagi uisome: rangi ya kahawia ni nzuri, nyeusi yenye unyevu ni petroli nyingi, nyeupe ni onyo. Na kwenye mteremko mrefu, usifunge gesi ukaiacha injini ikizungushwa na gurudumu kwa dakika nzima, maana wakati huo haipati petroli ya kutosha, wala oili. Shika klachi mara kwa mara, ipige gesi kidogo inywe.

Utaona sijataja nguvu ya farasi. Porini humshindi mtu kwa nguvu za juu. Unahitaji injini inayovuta taratibu kwenye mawe bila kuzima. Sproketi ya mbele iliyopungua jino moja itakusaidia kuliko ekzosi ya bei mbaya. Shoku ya nyuma iliyopangwa kwa uzito wako itakusaidia zaidi. Kwa pikipiki kubwa za porini, ukiikalia na vifaa vyako vyote, sehemu ya nyuma ishuke kama milimita 100. Chujio la hewa la sponji lililooshwa na kupakwa oili yake ni bima dhidi ya vumbi la Kajiado, ambalo likipita ndani linasaga ringi kama msasa. Kuna mtu atasema vitu hivi havina swag. Mwache. Mtakutana naye njiani akisukuma.

Wapo watakaoniambia: kwa nini mateso yote haya? Si ununue fo-stroki mpya ya 150 utulie? Na wana hoja. Kama unataka pikipiki ya kwenda kazini Westlands kila asubuhi, wasikilize wao, usinisikilize mimi. Tu-stroki inakunywa petroli, inatoa moshi, na inataka pistoni mpya kabla ya wakati ambao ungetarajia. Lakini kwa njia za porini ni nyepesi, ukianguka unaiinua, na injini yake ina vipande vichache kiasi kwamba kijana mwenye subira, kitabu na spana nzuri anaweza kuielewa yote. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo ninayoithamini zaidi. Tunalalamika kwamba kozi nyingi ni nadharia tupu. Injini hii ni darasa la vitendo, na mtihani wake hauna mwakenya.

Na ile ekzosi ya kelele? Ardhi tunayoiita "pori" ina wenyewe. Kajiado kuna watu wanaochunga, watoto wanaotembea kwenda shule, ng'ombe wanaotawanyika wakisikia mlio huo. Ukipita polepole, ukasalimia, ukaomba njia pale inapostahili, utakaribishwa tena. Kundi likipita likinguruma kama vita, njia itafungiwa wote, hata walio na adabu. Pesa uliyopanga kununulia kelele inunulie helmeti ya kweli, buti na kinga za magoti.

Mwisho, ukishaifunga injini upya, usiikimbize siku hiyo hiyo. Iwashe ipate joto, izime ipoe kabisa, urudie mara mbili tatu. Kaza tena boliti za kichwa ikiwa baridi, kwa kipimo cha kitabu. Safari ya kwanza iwe fupi, gesi ikipanda na kushuka, usiishike mahali pamoja. Soma plagi. Kisha nenda Magadi na wenzako, ukiwa na jeti za akiba mfukoni, ukijua kila kilichomo kati ya magoti yako kwa sababu mkono wako ulikigusa.

Wakikuuliza umeifanyia nini, waambie umeifungua. Wengine wataona ni jibu la kuboesha. Yule atakayeuliza "uliona nini ndani?" ndiye wa kusafiri naye.