Nyumbani Mwetu: Mchuzi Mtupu Haumkuzi Mtoto

Katika nyumba nyingi za Butembo na Beni tumeona jambo hili: supu ikiisha kuiva, baba hupewa nyama, wakubwa hupewa maharage, na mtoto aliyeachishwa ziwa hupewa bugali iliyomwagiwa mchuzi. Mama husema, "Ameshiba." Kweli tumbo limejaa, lakini mwili haukupata cha kujijengea.

Ladha ya chungu huingia mchuzini, bali nguvu ya kujenga mwili hubaki hasa katika nyama, samaki na maharage yenyewe. Mtoto anayelishwa hivyo siku nyingi aweza kushikwa na bwaki: miguu huvimba, nywele hugeuka rangi, uchangamfu humtoka. Mkiona dalili hizo msingoje; mpelekeni kituo cha afya siku ile ile.

Huko Vietnam, katika bara la Asia, watu hupenda sana supu iitwayo phở. Bakuli moja lina tambi za mchele, vipande vyembamba vya nyama na majani mabichi, na mlaji hula vyote pamoja na mchuzi wake. Sisi nasi twaweza kupika supu ya namna hiyo kwa vitu vya soko letu.

Kwa watu sita, lowekeni vikombe viwili vya maharage usiku kucha. Butembo iko juu, mita zipatazo 1,700, na huku maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100. Ndiyo sababu maharage hukawia kuiva na makaa huisha upesi. Mwageni maji ya kulowekea, mchemshe kwa maji mapya mpaka yalainike kabisa. Kaangeni kitunguu, karoti na tangawizi kidogo katika kijiko cha mawese, mtie chunguni. Kisha tieni tambi. Zikiwa ghali, mchele au viazi vyatosha. Mwishoni tieni lengalenga au kabichi kwa dakika chache tu, maana moto mwingi huharibu vitamini. Chumvi iwe kidogo.

Sasa pakueni, mkianza na mdogo. Mpondeeni maharage, mboga na tambi pamoja, mchuzi uwe wa kulainishia tu. Kukiwa na samaki au yai, asikose sehemu yake. Aliyetimiza miezi 6 naye aanze kuonja chakula hicho kilichopondwa, huku akiendelea kunyonya.

Tangu mwaka 2014 jamaa nyingi za vijiji vya Beni zimekimbia mashamba yao kwa sababu ya mauaji, na leo hununua hata vile walivyozoea kulima. Chungu chao ni kidogo. Hiyo ndiyo sababu kubwa zaidi ya kukigawa kwa akili.

Akina baba, jioni hii tazameni kwanza bakuli la mtoto, kabla ya kutazama lenu.