Mvua Haina Makosa, Mtaro Uko Wapi?

Wasee, mvua ikinyesha usiku kuna watu huvuta blanketi na kulala fofofo. Mimi hukumbuka barabara ya kwari.

Wengi wenu mnajua niliacha kampasi mwaka wa pili, karo ilipoisha. Kabla ya hizi video nilikuwa taniboi kwa lori la mawe ya kujengea, kwa kwari moja ambayo sitaitaja. Barabara ya kushuka shimoni ilikuwa imechongwa kando ya ukuta wa udongo. Upande mmoja ukuta, upande wa pili ni chini tu. Mtaro? Hakuna. Kila mvua, maji yalifuata njia ya matairi, yakachimba, yakaenda kujilalia kwa ukingo.

Asubuhi moja baada ya mvua, ukingo ulimeguka chini ya tairi la nyuma la lori lililokuwa mbele yetu. Likapinduka na mawe yake yote. Dereva alitoka hai, mguu umevunjika. Kufika jioni, maneno kwa kwari yalikuwa mamoja: ati dereva ni mzembe. Hata pesa ya ule mzigo ilikatwa kwa mshahara wake.

Hapo ndipo nilikasirika, na bado nimekasirika. Huyo jamaa alikuwa anaendesha polepole kutushinda sisi wote.

Wacha niwaeleze vile hii kitu hufanya kazi. Udongo husimama kwa sababu chembe zake zinashikana na kusuguana. Maji yakijaa katikati ya hizo chembe, yanazisukuma ziachane, na udongo wenyewe unazidi kuwa mzito. Ndio maana ukuta unaweza kusimama kiangazi chote, halafu uanguke baada ya usiku mmoja. Wakati mwingine unaanguka jua likiwa limeshatoka, watu wakidhani hatari imeisha. Sasa weka lori limejaa mawe juu yake.

Dawa yake inajulikana. Barabara ilalie upande wa ukuta, ili maji yaingie kwa mtaro wa ndani, mbali na ukingo. Kalavati iyapitishe chini na kuyatoa mahali penye mawe, yasije yakachimba. Juu ya ukuta kuwe na mtaro mwingine wa kuyakata kabla hayajashuka. Ukiona ufa huko juu, usiupite tu, maji yanaingilia hapo. Na pembeni kuwe na tuta la kuzuia lori. Sheria za migodi za Marekani zinataka tuta hilo lifike angalau katikati ya ekseli ya gari kubwa zaidi linalotumia hiyo barabara. Lakini tuta lazima liachiwe nafasi za kutoa maji, la sivyo barabara inageuka bwawa.

Na msidhani haya ni mambo ya kwari peke yake. Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu, kalavati chini ya tuta la reli ya zamani iliziba kwa matope na miti. Maji yakajikusanya nyuma yake, kisha yakapasua usiku watu wakiwa wamelala. Zaidi ya watu 40 walikufa. Njia ya maji ikizibwa, maji yanajitafutia nyingine, na hayaulizi nani amelala wapi.

Wenye kwari watasema pesa hakuna. Sawa. Na zile springi zinazovunjika kila wiki? Na siku ambazo hakuna lori linapanda kwa sababu ya matope? Hizo pesa zinatoka wapi? Vijana wachache na majembe, kabla ya masika, wanaweza kuzibua mitaro yote, na hakuna mkubwa atakosa chakula.

Mimi nataka mambo mawili tu. Mvua ikinyesha, msimamizi aikague hiyo barabara kwa miguu yake kabla ya lori la kwanza kushuka. Na dereva akisema hashuki, asikatwe hata shilingi.

Yule jamaa sasa anatembea akichechemea. Alilipia mtaro ambao tajiri hakuchimba.

Kama unafanya kazi kwa kwari, niambie hapo chini: barabara yenu ina mtaro?